Dhahabu isipopatikana, shimo ni la nani?

Wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa, na hata wale wa Nzega na Chunya, wameshazoea ugeni wa aina moja. Wanafika vijana watatu au wanne kwa pikipiki, wakiwa na sururu, karai na kipande cha jiwe jeupe lenye rangi ya kutu. Wanasalimia vizuri, wanamuulizia mwenye shamba, kisha wanamweleza kwamba mkanda wa dhahabu ulioonekana kwa jirani unapita chini ya mahindi yake. Wanachoomba ni ruhusa ya kuchimba tu. Mgao, wanasema, watapeana mali ikitoka.

Maneno hayo mawili, "mali ikitoka", ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo. Makubaliano yote yanahusu dhahabu itakapopatikana: nani atachukua mifuko mingapi, nani atalipia karasha, nani atasimamia. Kuhusu dhahabu isipopatikana hakuna anayesema neno. Na ukweli ni kwamba mara nyingi haipatikani.

Maoni yangu ni kwamba mkulima asikubali kulipwa asilimia peke yake. Alipwe kwanza kwa ajili ya ardhi yake, kwa fedha taslimu, kabla sururu haijagusa udongo. Na gharama ya kufukia shimo iwekwe pembeni siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi. Asilimia ije baadaye kama nyongeza. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, lakini shimo lenye kina cha mita 20 katikati ya shamba si sifuri.

Si ajabu kwamba ugeni huu umeongezeka. Mwaka 2001 wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 300 za Marekani katika soko la dunia. Mwaka 2008 ilivuka dola 1,000, mwaka 2020 ikavuka 2,000, na Oktoba 2025 ikapita 4,000. Mkulima wa pamba hajapata kuona zao lake likipanda namna hiyo. Kijana wa Geita au Kahama anayesikia bei hizo redioni, na ambaye hana mtaji mwingine zaidi ya mikono yake, ana kila sababu ya kwenda kujaribu. Simlaumu. Lakini bei ikipanda inaongeza wachimbaji, haiongezi dhahabu iliyomo ardhini.

Dhahabu ya ukanda ule hukaa zaidi katika miamba ya kale sana, ndani ya mishipa ya mawe meupe ambayo wachimbaji huiita mikanda. Mkanda unaweza kuwa na unene wa kiganja cha mkono, ukapinda, ukakatika, kisha ukaibukia mita kadhaa pembeni. Hata ndani ya mkanda wenyewe dhahabu haikutawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mboga. Imekaa mafungu mafungu. Unaweza kuchimba hatua mbili kutoka kwenye fungu nono ukatoka na mawe matupu.

Ndiyo maana jiwe moja lenye punje zinazoonekana kwa macho si ushahidi wa kutosha. Kwanza, huna uhakika limetoka wapi. Pili, hata kama limetoka kwa jirani kweli, linaeleza habari za mahali pale lilipookotwa tu. Na hakuna mtu anayekuja kubisha hodi akiwa na jiwe lisilo na kitu.

Kuna pia punje zinazookotwa kwenye mtaro au kwenye mchanga wa kijito kinachopita shambani. Hizi huwapa watu matumaini makubwa kupita kiasi. Dhahabu ni nzito, lakini kwa miaka mingi mvua huivuta kidogo kidogo kutoka kwenye mlima. Punje zilizo chini ya shamba lako zinaweza kuwa zimetoka kwenye kilima cha mtu mwingine, kilomita moja juu. Mtafutaji anayejua kazi yake hupanda na kijito, anaosha mchanga hatua kwa hatua hadi mahali punje zinapokoma, ndipo anapoanza kuangalia miamba. Asiyejua huchimba pale pale alipoziona.

Halafu kuna ving'aavyo. Ulanga hung'aa, na lile jiwe la manjano lenye chuma na salfa hung'aa hata kuliko dhahabu. Kuyatofautisha hakuhitaji fundi: punje ya dhahabu ukiigonga kwa nyundo hutandazika, lile jiwe la salfa husagika, na ulanga hubanduka vipande vyembamba kama karatasi. Mashine ya ditekta nayo isikutishe. Inalia ikikuta chuma chochote, iwe msumari au kizibo cha soda, na dhahabu laini iliyojificha ndani ya mwamba chini kabisa haiisikii. Wanaokodisha mashine hizo kwa siku hulipwa hata zisipolia. Kuhusu waganga sina la kuongeza, isipokuwa kwamba na wao hulipwa mapema.

Naomba hapa tufanye hesabu kidogo, kwa bei za kukadiria. Msomaji anaweza kuweka bei za kijijini kwake.

Chukua vijana wanane wanaochimba duara moja kwa siku 60. Chakula cha kila mmoja kikiwa Sh5,000 kwa siku, hiyo ni Sh2,400,000. Ongeza matimba ya kuzuia kuta, kamba, tochi, dizeli ya kompresa, na jumla inafika Sh4,000,000 bila shida. Tufanye gramu moja ya dhahabu inauzwa Sh250,000. Wanahitaji gramu 16 ili kurudisha gharama hizo tu, kabla hawajamlipa mwenye karasha na kabla ya mgao wowote.

Sasa tufanye wamebahatika wakapata mwamba wenye gramu tano kwa tani, ambao si mbaya hata kidogo. Mifuko 20 ya kilo 50 ndiyo tani moja. Uoshaji wa zebaki kwa kawaida hukamata nusu ya dhahabu iliyomo au pungufu, kwa hiyo tani hiyo itawapa gramu mbili na nusu hivi. Ili wapate gramu 16 watatakiwa kutoa mifuko 128 ya mawe yenye mali, mbali na mawe matupu yaliyowatangulia njiani. Hao ndio waliobahatika. Wale wa duara la pili na la tatu, ambao hawakuukuta mkanda kabisa, wamekula Sh4,000,000 na kuacha shimo.

Na nusu ile nyingine ya dhahabu inayobaki? Iko kwenye marudio, yale mabaki yanayotoka kwenye uoshaji, ambayo wenye mitambo ya sianidi huyanunua na kuyachenjua upya. Wakulima wengi wanaokubaliana mgao wa dhahabu hawayataji marudio kabisa. Kwa hiyo hata duara likizaa, mwenye shamba anapewa sehemu ya nusu tu.

Upande wa mwenye shamba hesabu ni fupi. Ekari moja iliyokuwa ikitoa gunia 12 za mahindi, kwa Sh60,000 kwa gunia, imepoteza Sh720,000 msimu huo. Msimu unaofuata itapoteza tena, kwa sababu kifusi kutoka chini kimelala juu ya udongo mzuri. Vijana walipoteza chakula chao na nguvu zao, wakahamia kwingine. Yeye hawezi kuhamisha ekari.

Jambo hili halikuanza leo wala halikuanzia kwetu. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, magharibi mwa Kenya. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani, bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka, na walowezi wa Kizungu waliokuwa wakidaiwa na mabenki waliacha mashamba yao wakaenda kupiga vigingi. Ila vigingi hivyo havikupigwa kwenye mashamba yao. Vilipigwa kwenye mashamba ya Waluhya, katika eneo ambalo sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi yake ikichukuliwa, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake.

Ahadi hiyo ilidumu miaka miwili. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria ili fidia iweze kutolewa kwa fedha bila kutafuta ardhi mbadala. Mgodi wa Rosterman ulifanikiwa, ukaendelea hadi mwaka 1952. Sehemu kubwa ya vigingi vingine haikutoa kitu cha maana na wenyewe wakaondoka. Walioachiwa mashimo hawakuwa wao.

Tofauti kati ya wakati ule na huu ni kwamba mkulima wa Tanzania ana sheria mkononi, ingawa wengi hawaitumii. Ikumbukwe kwamba hatimiliki, hata ile ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haikupi madini yaliyo chini. Hayo ni mali ya Watanzania wote na yako chini ya dhamana ya Rais. Huwezi kuchimba dhahabu kwenye shamba lako mwenyewe bila leseni, na mtu mwingine anaweza kuwa na leseni inayofunika shamba hilo hilo bila wewe kujua.

Lakini leseni peke yake haitoshi kumwingiza mtu kwenye mahindi yako. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, katika kifungu cha 95, inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali wa ardhi kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba, kwenye eneo lililolimwa au lenye mazao, au lililovunwa katika mwaka uliotangulia. Sheria hiyo hiyo inaweka wajibu wa kulipa fidia kwa usumbufu na kwa mazao, miti na majengo yaliyoharibiwa. Ni kweli kwamba ukikatalia ridhaa bila sababu ya msingi mamlaka zinaweza kuingilia kati. Hata hivyo, kudai malipo ya haki si kukataa bila sababu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa wageni wale wa pikipiki liwe hili: leseni iko wapi, na ni ya nani? Ofisi ya Afisa Madini Mkazi, iliyo chini ya Tume ya Madini, inaweza kukueleza ni nani mwenye leseni katika eneo lako. Kama hakuna mwenye leseni, basi wote wawili, wewe na vijana, mko nje ya sheria, na kesho akitokea mwenye leseni mtaondolewa bila senti. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania tu, na hakuna kinachomzuia mkulima au kikundi cha wakulima kuiomba wenyewe, kama bado eneo liko wazi. Nashangaa kwamba vyama vya ushirika vinavyojua kupigania bei ya pamba huliacha jambo hili kwa watu wa mjini.

Wafanyabiashara wadogo nao wasidhani hadithi hii haiwahusu. Tetesi za dhahabu zikienea, ndani ya wiki moja kando ya shamba panaota vibanda. Mama lishe yupo, muuza vocha yupo, mwenye duka la unga na sigara yupo. Siku tano za kwanza biashara ni taslimu. Siku ya sita kunaanza daftari.

Daftari la rashi ya dhahabu ni tofauti na daftari la kijijini. Kijijini unamjua baba yake mdeni na unajua atavuna lini. Kwenye rashi mdeni wako anajulikana kwa jina la utani, amekuja kutoka mkoa mwingine, na atalipa mali ikitoka. Ikisikika kwamba kuna mahali kwingine pametema, watu 300 wanaondoka usiku mmoja na asubuhi umebaki wewe na masufuria. Mwenye duka anayeuza unga kwa mkopo kwa wachimbaji hauzi unga tena, amekuwa mfadhili wa duara bila kuandikiwa mgao wowote. Kama anataka kuwa mfadhili, basi aseme hivyo, aandikishane na wenye duara, na aweke fedha ambayo ikipotea duka halitafungwa. Vinginevyo auze kwa taslimu, hata kama mteja atakwenda kibanda cha pili.

Wapo pia wanaochimba kwenye ardhi yao wenyewe. Mkulima ameuza ng'ombe wawili, amekodi vijana, anachimba. Kwa huyu hatari kubwa ni ile mita moja zaidi. Kila siku anaambiwa kwamba mwamba umeanza kubadilika rangi, kesho tutaufikia. Ng'ombe wa tatu anauzwa, halafu mabati.

Ushauri wangu kwake ni kwamba atumie fedha kidogo kujua kabla ya kutumia fedha nyingi kuchimba. Aanze na karai: aoshe udongo kutoka sehemu nyingi za shamba kwa mistari, si sehemu moja, na aweke alama mahali punje zinapoonekana. Palipo na dalili achimbe mtaro mwembamba wa kukatiza, usiozidi kimo cha kiuno, ili auone mwamba ulivyolala. Vipande vya mwamba avichukue mwenyewe, kutoka sehemu kadhaa, avifunge mwenyewe na kuvipeleka maabara. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyopo Dodoma, hupima sampuli na ina ramani za jiolojia za maeneo mbalimbali nchini. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, nalo katika miaka ya karibuni limekuwa na mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na tundu la kuchoronga ni jembamba kuliko duara mara nyingi sana.

Kiwango cha fedha akiweke kabla ya kuanza, akiandike, na mke wake akijue. Nasema mke kwa makusudi. Katika nyumba nyingi ndiye anayelima lile shamba, na ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba ng'ombe ameuzwa kwa ajili ya shimo.

Sasa turudi kwenye shimo lenyewe. Anayechimba shambani anatakiwa kuondoa kwanza udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, na kuuweka mbali na kifusi. Wakati wa kufukia, mawe yanatangulia, kifusi kinafuata, udongo mweusi unakuja juu. Ukichanganya, hata ukisawazisha vizuri mahindi yatatoka ya njano. Mawe yenye salfa yakiachwa juu hunyeshewa mvua na kutoa maji makali yanayochoma mimea. Na zebaki isiruhusiwe kuingia shambani hata siku moja, hasa kwenye majaruba ya mpunga au karibu na kisima. Mawe yasafirishwe yakaoshwe kwenye mialo iliyotengwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba huo hautakuja kulinda kisima chako. Utakilinda mwenyewe kwa kukataa.

Migodi mikubwa hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurekebisha mazingira baada ya kufunga. Sioni kwa nini wazo hilo lisishuke hadi kwenye duara moja lililo katikati ya mahindi, kwa kiwango kinacholingana nalo. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Dhahabu ikipatikana zinadai ushuru wa huduma, nayo ni haki yao. Isipopatikana, hakuna ofisa anayekwenda kuuliza nani atafukia.

Hadi hilo litakapofanyika, mkulima atumie karatasi. Mtendaji wa kijiji ashuhudie. Iandikwe malipo ya ekari kwa msimu, yaliyopokelewa tayari. Iandikwe idadi ya maduara na mahali yalipo, mgao wa mawe na wa marudio, na fedha ya kufukia iliyokabidhiwa kwa mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini, itakayorudishwa kwa wachimbaji wakishafukia. Kiwango chake kisipungue ujira wa vibarua wa kufukia shimo lote, kwa sababu kikiwa kidogo watakiacha na kuondoka.

Na tarehe iandikwe. Wachimbaji hupenda kiangazi, Juni hadi Septemba, maji yakiwa mbali. Mvua za vuli zikianza, duara lisilozaa hujaa maji, kuta hulegea, na hakuna atakayekubali kushuka wala kusogea karibu nalo kulifukia. Tarehe ya mwisho ya kufukia iwe kabla ya mvua hizo, na kama vijana wanasema hawawezi kuitimiza, bado hawajaanza kuchimba na shamba bado linalimika.